Sosi ya matunda na waini kwa kitimoto ya kuoka: plamu, nanasi au zabibu na dompo?

Wakuu, kila ikikaribia Krismasi naulizwa swali lile lile, "ile sosi yako ya matunda ya kwenye kitimoto natumia tunda gani na waini gani", na mi kila siku najibu kwa swali, umenunua nyama ipi? Mtu ananuna, anaona namzungusha. Ila ndo penyewe hapo, watu wengi wanaanza na tunda, wanatoka sokoni na mananasi mawili na chupa ya waini mkononi af bucha ndo wanapitia mwisho saa kumi na mbili jioni, wanakatiwa kilichobaki, wanakuja kulalamika sosi haikukaa. Anza na nyama. Mafuta ya ile nyama ndo yanachagua sosi, we unafuata tu.

Naweka tatu ninazozipika mwenyewe: plamu na waini nyekundu, nanasi na waini nyeupe, na zabibu na dompo, ile waini tamu ya Dodoma. Epo nimeiacha makusudi, si kwamba mbaya, ila sosi yake huhitaji mtu akuandikie, unachemsha epo na waini nyeupe kidogo unaponda basi. (Na ukiwa Zanzibar au Tanga usiseme matufaa ukidhani umesema epo, watakuletea lile tunda jekundu lenye harufu ya waridi, tamu sana lakini sio lenyewe.)

Halafu tuelewane kuhusu jina, kitimoto ni nyama ya nguruwe. Kitimoto rosti ya baa, ile ya kukaangwa na nyanya na hoho ikaletwa na ndizi, siizungumzii hapa. Hapa nazungumzia pande zima la kilo mbili, limeokwa, linakatwa slesi mezani, na sosi inakuja pembeni kwenye kibakuli.

Nitakavyozipima

Mambo matano, na zote tatu nitazipitisha humo humo ili usiseme nimependelea.

Kwanza mafuta ya nyama, yani sosi inataka kipande chenye mafuta au kikavu. Pili ladha, uchachu na utamu vinakaaje. Tatu kazi na muda, maana kuna wenye jiko la oveni na kuna wenye mkaa na watoto watatu wanalia. Nne mfuko na upatikanaji. Tano nani anakaa mezani, hili watu wanalisahau kabisa mpaka bibi anafika ndo wanakumbuka hatumii kileo.

Nyama kwanza, hii ni ya wote

Buchani usiseme "nipe kilo mbili" ukanyamaza. Mi kijana wangu wa bucha ananiuliza, "Bro, unakaanga au unaoka?" Nikisema naoka ananigeuzia upande wa shingo, anaupiga kofi, "Basi chukua hii, hii haikuangushi." Na kweli. Shingo na bega vina mafuta yaliyopita katikati ya nyama, vinavumilia moto mrefu hata ukisahau dakika ishirini. Mgongo, ile ya steki, ni mzuri kwa macho na unakatika vizuri lakini mafuta yake yako juu tu, ndani mkavu, ukizidisha moto unatafuna kadibodi. Paja liko katikati, kubwa, la watu wengi, linaelekea ukavu. Tumbo, ile yenye mistari mistari, ni mafuta nusu nyama nusu.

Angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama. Ukiona ndani ya nyama vijifuko vyeupe vyeupe kama punje za mchele acha hapo hapo, hao ni tegu, usidanganywe eti utachemsha. Kwa nyama iliyo safi, Wizara ya Kilimo ya Marekani tangu 2011 wanasema pande zima likifika nyuzi joto 63 katikati likapumzishwa dakika 3 linaliwa, ila mi kwa mazingira yetu mgongo naupeleka 70 na sioni umepungukiwa kitu. Shingo na bega napeleka mpaka 88 au 90, si kwa usalama tena, ni kwa ulaini, maana ule mshipa mshipa wa katikati hauyeyuki vizuri kabla ya hapo. Kipimajoto cha nyama cha kuchoma katikati sio anasa, kinauzwa madukani na mitandaoni, nunua.

Chumvi naweka usiku, kama gramu 15 kwa kila kilo, yani kijiko cha chakula cha kufuta kwa kilo moja, na pilipili manga, kitunguu swaumu, basi. Ngozi kama ipo naikata mistari kwa wembe mpya, kisu cha jikoni kinateleza tu, af naiacha wazi kwenye friji ikauke, ngozi mbichi yenye maji haiwezi kukakamaa hata umwite nani. Oveni nyuzi 220 dakika 25 halafu nashusha 160. Mgongo wa kilo mbili unachukua kama saa moja na robo zaidi, shingo masaa matatu na kitu. Ikitoka inapumzika dakika ishirini chini ya foili, na hizo dakika ishirini ndo za kumalizia sosi.

Huna oveni? Sufuria zito lenye mfuniko, mawe matatu madogo safi chini au kitrei cha waya ili nyama isiguse, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, unapalia kama wali. Shingo inatoka vizuri sana hivi, mgongo siushauri, joto la mkaa linapanda na kushuka na mgongo hausamehe.

Ile trei ya kuokea iliyobaki na ukoko wa kahawia chini usiioshe!! Toa mafuta ya juu, mimina waini kidogo ikiwa bado ya moto, kwangua kwa mwiko wa mti. Hicho ndo kiini cha sosi zote tatu hapo chini, bila hicho unapika jemu. (Na kama unamimina waini kwenye jiko la gesi, zima kwanza, mvuke wa pombe unashika moto haraka kuliko unavyodhani.)

1. Plamu na waini nyekundu

*Mafuta ya nyama:* Hii ni ya shingo, bega, na paja pia inaenda. Kwenye mgongo mkavu inawezekana lakini utahitaji siagi mwishoni.

*Ladha:* Nzito, nyeusi nyeusi, tamu chini na chachu juu. Ni sosi ya kizee kwa maana nzuri. Wazungu wa kaskazini, Waswidi na Wadenishi, wanatoboa mgongo wa nguruwe katikati wanashindilia plamu kavu humo humo wanaoka, na Ufaransa kule bonde la mto Loire, upande wa Tours, kuna pishi maarufu la nyama ya nguruwe na plamu kavu, ila wao wanatumia waini nyeupe ya Vouvray na krimu. Kwahiyo nyekundu sio sheria, nyekundu ni chaguo langu mimi, naona inafaa kwa shingo kwa sababu ile shingo yenyewe ina ladha kali inayomeza waini nyeupe.

Sasa tahadhari ya waini nyekundu: ikipungua kwenye moto ule ukakasi wake unapungua nao? Hapana, unazidi. Chupa ikiwa kali kidogo kwenye glasi basi ikichemka ikabaki theluthi itakukaba koo kama umekunywa chai ya rangi iliyolala. Chukua nyekundu laini, isiyo ya kukaba, na uichanganye na supu ya mifupa, usiipunguze peke yake.

Vipimo vyangu kwa nyama ya kilo mbili: plamu kavu gramu 200, waini nyekundu mililita 300, supu mililita 250, kitunguu kimoja kimekatwa kidogo kidogo, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 3 (tatu, sio kiganja, karafuu zikizidi unakula dawa ya meno), siki kijiko kimoja, siagi kijiko kimoja mwishoni. Plamu zinaloweka kwenye waini nusu saa, kitunguu kinakaangwa polepole, kila kitu kinaingia, kinachemka taratibu dakika 30 mpaka 40. Nusu ya plamu naziponda ndani ya sosi ndo zinaipa uzito, nusu naziacha nzima. Unga hauhitajiki.

Kama ni plamu mbichi za Lushoto, zile zinazopangwa kwenye ndoo barabarani Mombo mwisho wa mwaka kuelekea Januari, chukua nusu kilo, usimenye, ganda ndo lenye uchachu na rangi. Zitakuwa na maji zaidi kwahiyo supu punguza, na sukari kijiko kimoja onja kwanza.

*Kazi na muda:* Ndefu kuliko zote, kama saa nzima ukihesabu kuloweka, lakini haina presha. Na unaweza kuipika jana yake, ule ukoko wa trei ukauongeza nyama ikitoka, kesho inakuwa bora zaidi.

Ila sufuria! Mwaka mmoja niliipika kwenye sufuria ya kawaida ya aluminiamu, ile kubwa ya ubwabwa, nikaiacha imekaa humo toka asubuhi. Jioni nafunua, rangi ya kijivu kijivu, naonja, ladha kama umelamba funguo. Nikaimwaga yote, shemeji yangu amesimama pale ananiangalia na chupa ya waini tupu mkononi, hakusema neno. Asidi ya waini na ya tunda inakula aluminiamu, tumia stenlesi au sufuria lililopakwa enameli, hata chungu cha udongo kizuri tu. Hili ni la sosi zote tatu, ila hii ndo inaadhibu zaidi kwa sababu inakaa motoni muda mrefu.

*Mfuko:* Ya ghali. Plamu kavu ziko supamaketi zaidi kuliko sokoni na ni za kutoka nje. Mbichi ni rahisi lakini ni za msimu na za kanda, mtu wa Mtwara asihangaike.

*Mezani:* Watu wazima wanaipenda, wazee hasa. Watoto wengi wanaiangalia rangi wanasema "hiyo nini" wanakula nyama tupu.

2. Nanasi na waini nyeupe

*Mafuta ya nyama:* Mafuta mengi. Tumbo, mbavu, shingo yenye kitambi. Uchachu wa nanasi unakata mafuta, kipande cha pili kinaingia kama cha kwanza. Kwenye mgongo mkavu inakuwa maji maji na kali, haina cha kukata.

*Ladha:* Angavu, chachu, tamu ya mbele. Na ndo inayopokea pilipili kuliko zote, pilipili mbuzi moja iliyotumbukizwa nzima bila kupasuliwa inatoa harufu tu bila kuunguza, ikipasuka shauri yako.

Hapa pana kosa linalofanywa na kila mtu anayesoma mitandaoni "marineti na nanasi nyama iwe laini". Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini kinachokata protini. Kwa nyama ngumu iliyokatwa vipande vidogo, nusu saa, sawa. Kwa pande la kilo mbili ukaloweka usiku kucha, unachopata ni nje imekuwa uji uji na ndani vile vile ilivyokuwa, maana haipenyi mbali. Nilifanya hivo, mama mkwe akala kistaarabu, halafu akaniuliza, "Baba, hii nyama ni ya kopo?" Sijasahau. Nanasi likichemka au likiwa la kopo kile kimeng'enya kimeshakufa, halilainishi tena na haliharibu, kwahiyo weka nanasi kwenye sosi, sio kwenye nyama.

Vipimo: nanasi moja la wastani lililoiva sawasawa, limenye, toa moyo, nusu kata slesi nusu kata vipande vidogo. Slesi zichome kwenye kikaango kikavu chenye moto mpaka ziwe na kahawia, hapa usiwe na haraka, hiyo kahawia ndo inaondoa ile ladha ya juisi ya pakiti. Vipande vidogo vinaingia na kitunguu, tangawizi ya kukuna kipande cha kidole gumba, waini nyeupe kavu mililita 250, supu mililita 150. Dakika 15 mpaka 20. Nanasi halina uzito wa kuifanya sosi ikamate kwahiyo kijiko cha chai kimoja na nusu cha kornifulawa kimekorogwa kwenye maji ya baridi, kimimine mwishoni, ikichemka mara moja tu zima.

Waini nyeupe chagua isiyo na sukari. Ya Dodoma ipo, wanalima chenin blanc kule na inafaa kabisa kwa hili. Ukiweka nyeupe tamu juu ya nanasi tamu, umetengeneza soda ya moto.

*Kazi na muda:* Nusu saa na umemaliza, kazi kubwa ni kumenya. Ila haipendi kulala, kesho yake uchachu umepoa imebaki utamu tu, pika siku ile ile.

*Mfuko:* Rahisi kuliko zote kwa mtu wa Dar, mananasi ya Kiwangwa yanashuka kila siku, na Kenya ukiwa upande wa Thika au Uganda hata usiulize. Waini nyeupe kavu ndo inayopandisha bei, na chupa ikibaki basi ina wenyewe.

*Mezani:* Watoto, vijana, na wale wageni wanaosema hawapendi nyama yenye matunda. Wanaosema hivo wakionja ya nanasi wananyamaza. Ila wazee wengi wataiona kama utani, nyama na juisi.

3. Zabibu na dompo

*Mafuta ya nyama:* Hii ndo dawa ya mgongo na paja. Nyama kavu inataka kitu kinachoipaka, na dompo ikipungua inakuwa kama asali nyembamba, inashika slesi ya nyama haimwagiki pembeni. Kwenye tumbo lenye mafuta inachosha, vipande viwili umeshiba na unatafuta maji.

*Ladha:* Tamu, nyekundu, na zabibu zilizookwa zinapasukia mdomoni. Kwa kuwa dompo yenyewe tayari ina sukari, usiongeze hata punje. Kinachotakiwa ni kinyume, siki vijiko viwili vya chakula au ndimu nzima moja, na pilipili manga ya kusaga nyingi kuliko unavyodhani. Onja kabla ya siki na baada ya siki, utanielewa, ni sosi mbili tofauti.

Mi hii naionea fahari kidogo, maana kila kitu kinatoka Dodoma. Kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba, jambo ambalo Ulaya hawana, wao mara moja tu. Ile aina ya zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la sehemu kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, ndo inatengenezewa waini nyingi ya pale, ngozi yake ngumu kidogo na ina mbegu, na kwa kuoka ngozi ngumu ni faida, haisambaratiki. Waitaliano kule Umbria wana pishi lao la soseji za nguruwe na zabibu kwenye kikaango kimoja, kwahiyo usidhani tumebuni ushamba.

Vipimo: zabibu gramu 400, dompo mililita 250, supu mililita 200, vitunguu viwili vikubwa vimekatwa pete nene, siki vijiko viwili, jani la bei moja kama lipo. Zabibu na vitunguu vinaingia kwenye trei ya nyama dakika ishirini za mwisho, vinaoka pamoja na mafuta ya nyama. Nyama ikitoka, nusu ya zabibu chota weka pembeni, nusu iliyobaki bonyeza kwa mgongo wa kijiko kwenye chujio. Usisage kwenye blenda!! Mbegu zikisagika sosi inakuwa chungu na hakuna siki wala sukari itakayoiokoa. Mimina dompo kwenye trei, kwangua, hamishia kwenye sufuria, chemsha na supu na ule uji wa zabibu dakika 15, rudisha zabibu nzima.

*Kazi na muda:* Ya kati. Dakika 35 hivi lakini dakika tano za mwisho usiondoke, sukari ya dompo inashika chini ya sufuria ghafla, unajibu simu moja tu unarudi ni karameli nyeusi.

*Mfuko:* Dompo ipo mpaka kwenye grosari ya mtaani, na bei yake inaeleweka. Zabibu mbichi nje ya msimu zinapanda, na za kutoka nje zisizo na mbegu zinauma mfuko. Zabibu kavu gramu 150 zilizoloweshwa kwenye dompo zinaokoa, ila ile ya kupasuka mdomoni hutaipata.

*Mezani:* Wapenda vitamu wote, na kina mama wa sherehe. Wanaume wa baa wanaokula kitimoto na limao na pilipili watakuuliza kwanini umeipaka jemu.

Kuhusu pombe, tusidanganyane

Ile ya "pombe yote inaruka ikichemka" sio kweli. Hao hao Wizara ya Kilimo ya Marekani wana jedwali lao, pombe iliyochanganywa kwenye chakula kikachemka robo saa imebaki kama asilimia 40, nusu saa 35, saa nzima 25, na hata masaa mawili na nusu bado kuna 5 hivi. Kwa sosi inayogawiwa watu kumi, kila mtu vijiko vitatu, ni kidogo sana kwa mtu mzima wa kawaida, lakini kuna mlokole, kuna mama mjamzito, kuna mtu aliyeacha pombe kwa shida, na hao huwafichii. Waambie. Kati ya tatu, ya plamu ndo inakaa motoni muda mrefu kwahiyo asilimia inayobaki ni ndogo kidogo kuliko ya nanasi na ya dompo.

Njia ya bila waini ipo kwa zote: ya plamu tumia juisi ya zabibu nyekundu na siki vijiko viwili na chai ya rangi nusu kikombe, ile chai inaleta ukakasi wa waini, msicheke jaribuni. Ya nanasi ni rahisi zaidi, supu na ndimu, wala hutajua kimepungua nini. Ya dompo ndo inaumia, juisi ya zabibu inakuwa tamu bapa, kama hamtumii kileo kabisa basi hii irukeni.

Na unakula na nini

Hili halihitaji maneno mengi. Plamu na ugali zinaelewana, nashangaa watu hawajaribu. Nanasi na wali mweupe au viazi vya kuoka, ndizi mzuzu za kukaanga pembeni hapana, utamu juu ya utamu. Dompo na viazi vilivyopondwa, au ndizi mbichi za kuchemsha, kitu kisicho na ladha kali. Kachumbari yenye ndimu iwepo kwa zote.

Sasa wewe uko upande gani

Umepata shingo nzuri, una muda, wageni ni wakubwa, na unataka kumaliza kazi jana yake: plamu. Hakikisha tu sufuria sio ya aluminiamu, nimeshasema.

Umepata tumbo au mbavu, kuna watoto, jiko ni la mkaa na umebakiwa na saa moja: nanasi, na nyama usiiloweke humo.

Umenunua mgongo au paja, ni Agosti au Machi, na uko Dodoma au una mtu anatoka Dodoma leo na basi: zabibu na dompo, kaa hapo jikoni dakika tano za mwisho, simu iache chumbani.

Una mgongo lakini zabibu hakuna: plamu kavu na siagi kijiko cha ziada. Una shingo lakini waini iliyopo ni dompo tu: nusu nanasi nusu dompo na siki kijiko kimoja, sikuiweka kwenye orodha kwa sababu naipika nikiwa peke yangu, lakini inaenda. Kuna asiyetumia kileo mezani na hutaki kupika sosi mbili: nanasi na ndimu, wote wanakula sufuria moja.

Huna uhakika na kipande ulichopewa? Kiangalie kimekatwa. Ukiona mafuta yamepita katikati ya nyama kama mizizi, tafuta uchachu. Ukiona nyama ya pinki tupu na mafuta yamekaa juu kama blanketi, tafuta kitu kizito kitamu. Na kama muuzaji amekukatia nusu hivi nusu vile, ambayo hutokea sana tarehe 24 jioni, pika ya plamu, hiyo inavumilia zote mbili kidogo kidogo.

Kiporo: nyama ya shingo ikate nyembamba ikiwa ya baridi, mkate wa boflo, sosi ya plamu iliyoganda unaipaka kama siagi, pilipili ya kukaanga juu. Asubuhi ya tarehe 26 kwangu huwa hakuna anayeuliza chai iko wapi.